Wete hadi Maskati: saa tano angani, siku tatu njiani

Tangu nirudi, kila ninayekaa naye barazani ananiuliza swali lile lile: "Maskati saa ngapi?" Najibu saa tano na robo, na kila nikijibu hivyo nafsi inanisuta. Hizo saa tano na robo ni za angani tu. Mimi nilikuwa nakwenda harusini: nilifunga mlango wa nyumba yetu Wete, kisiwani Pemba, Jumatatu saa 12 asubuhi, nikagonga mlango wa binamu yangu kule Seeb, Maskati, usiku wa kuamkia Alhamisi, saa 7 kasorobo. Haya nimeyaokota kwenye daftari langu na kwenye picha za simu, ambazo nyingi zimetoka bahari nusu na kidole changu nusu.

Kabla ya kuondoka

Nafundisha jiografia, kwa hiyo nilitaka kujua masafa kabla sijaambiwa na mtu. Nikachukua tufe la skuli na uzi wa kushonea. Ncha moja nikaikandamiza Unguja, ndege inakotokea, ya pili Maskati, nikauvuta ukakaza. Halafu nikauhamishia kwenye mstari wa ikweta kuupima: uzi wangu mmoja ukanipa nyuzi (digrii) 35 na ushei. Kila nyuzi moja ni kilomita 111, basi ni kilomita 3,900 hivi. Ukitaka makisio ya muda wa ndege yoyote kubwa, gawa kilomita kwa 850, kisha ongeza nusu saa ya kupanda na kushuka. Hesabu hii ilinipa saa tano na dakika chache, na tiketi ikasema tano na robo.

Ila uzi ule ulinionesha jambo jengine ambalo sikuliomba. Ukitoka Unguja kuelekea Maskati, unakwenda kaskazini ukiegemea mashariki, na kitu cha kwanza kinachokatizwa na uzi ni Pemba. Si karibu na Pemba, ni Pemba yenyewe, pale pale Chake Chake. Nikawaonesha wanafunzi. Mmoja wa nyuma akauliza, "Sasa mwalimu, si ikuchukue hapa hapa njiani kama daladala?" Darasa likacheka. Mimi nilicheka kidogo, kwa sababu tiketi ya boti ya kwenda kusini nilikuwa nimeshaikata.

Jumatatu, 5 Agosti 2024: Wete, Chake, Mkoani, na basi

Mzigo wa kilo 30 ulioruhusiwa na ndege niliugawa hivi: kilo saba nguo zangu, zilizobaki za watu. Maskati ukisema unakuja, unaletewa orodha. Binamu alitaka papa mkavu, mbaazi, unga wa muhogo na kanga za mama yake. Na halua. Nikamwambia, "Wewe uko Omani, nikuletee halua?" Akajibu kwamba halua ya huko ni halua, ya Wete ni ya Wete. Nikanunua vikapu vinne. Karafuu sikuthubutu, bila kibali hiyo ni magendo, hata ziwe za mkarafuu alioupanda babu yako.

Ndege ndogo ya Pemba kwenda Unguja ipo, nusu saa tu umefika, lakini mzigo mwisho kilo 15. Halua na papa wangu hawakuwa na nafasi humo.

Nikapanda gari ya 606 hadi Chake, nikabadilisha 603 hadi Mkoani. Nauli zote mbili na begi juu ya keria, shilingi 8,000. Ni kilomita 60 hivi, na zilichukua saa mbili na nusu kwa sababu utingo wa 603 alikuwa na shughuli zake binafsi kila baada ya kijiji: hapa anashusha dumu la mafuta, pale anapokea kuku, pengine anaingia nyumbani kwa mtu tukamsubiri.

Barabara inapoteremka kuingia bandarini Mkoani, niliiona bendera kabla sijaiona bahari. Ilikuwa imenyooka kama ubao. Kusi, ule upepo wa kusini. Saa 3 na nusu akatoka kijana mwenye karatasi, akasimama kwenye kizingiti, akasema bila kupandisha sauti, "Leo haitoki. Njooni kesho saa 1." Hakuna aliyebishana. Mwaka wowote mwingine wa ujana wangu pengine mtu angebishana, lakini tangu Septemba 2011, pale meli ilipozama karibu na Nungwi ikiwa njiani kuja kwetu, Mpemba akiambiwa bahari haifai, anakaa chini.

Kurudi Wete kwa usiku mmoja na mzigo ule hakukuwa na maana. Nikakaa kwenye kibanda cha mama mmoja anayeuza chai na vitumbua, nikanywa vikombe vitatu pole pole ili nisionekane sina pa kwenda. Alasiri akaanza kuosha vyombo, akanitazama.

"Mwanangu, utalala wapi?"

"Nitatafuta gesti, mama."

"Gesti ya nini? Mwanangu yuko dago, kambi ya wavuvi, kitanda chake kitupu."

Nililala kwenye kitanda cha kamba kilichonusa nyavu na mafuta ya nazi, chini ya dirisha lililozibwa kwa kipande cha tanga. Chakula cha usiku kilikuwa muhogo wa nazi na ngisi, tukala sinia moja na wajukuu zake wawili. Ngisi walikuwa wachache, na yule bibi akawa anasukuma vipande kuelekea upande wangu kwa ncha ya kidole, huku akizungumza habari nyingine, kana kwamba mkono haujui unachofanya. Asubuhi nikatoa pesa, akakasirika kweli. Nikaacha kikapu kimoja cha halua juu ya mtungi, nikaondoka haraka.

Kwa anayesafiri baadaye: miezi kusi inapovuma kwa nguvu, Juni hadi Agosti, usiunganishe boti na ndege siku moja. Acha mikesha miwili kati yake. Mimi niliacha miwili, mmoja ukaliwa na Mkoani, na bado niliwahi.

Jumanne: Mkoani hadi Unguja

Boti ilitoka saa 2. Kwa bahari ni kama kilomita 100, na siku njema huchukua saa mbili na kitu. Sisi tulikwenda tukiukabili upepo uso kwa uso, na mkondo wa Pemba una kina kirefu na mawimbi marefu. Boti inapanda, inatulia juu kidogo kama inafikiri, halafu inaanguka. Mifuko myeusi ikagaiwa kabla hatujaiacha Mkoani nyuma. Jirani yangu, mzee wa makamo mwenye kofia ya vito, akatoa ndimu mfukoni, akaikata kwa ukucha, akanipa nusu bila kuniangalia. "Nusa, usiile." Tukanusa hadi Nungwi. Hapo Nungwi maneno yakakatika boti nzima, hata watoto. Baadhi walikuwa wakisoma dua. Tulipoipita, mtu akapiga chafya, watu wakaanza tena kuzungumza.

Saa 5 na nusu tukashuka Malindi, bandari ya Unguja mjini. Nikahesabu papo hapo gatini, miguu ikiwa bado inayumba: saa 29 na nusu tangu nifunge mlango wa Wete.

Siku iliyobaki haina la kusimulia. Nililala kwa shangazi Michenzani, nikala urojo, nikanunua adapta ya chaji yenye vigingi vitatu ambayo haikuwa na haja, kwani plagi za Omani ni hizi hizi zetu.

Jumatano: uwanja wa ndege

Tiketi yangu iliandikwa 17:05. Naomba nisimame hapa kidogo, kwa sababu hapa ndipo watu wanapopotea. Saa za tiketi zinaanza kuhesabiwa usiku wa manane. Zetu zinaanza jua likichomoza. Toa sita: 17:05 ni saa 11 na dakika tano, jioni. Na hiyo "jioni" usiiache nyumbani.

Mjini kuna daladala ya 505 inayofika uwanjani, lakini kwa begi la kilo 30 nilichukua teksi, shilingi 20,000. Saa 8 mchana nikaingia ndani, na kwenye viti vya mbele alikuwa amekaa bibi mmoja, buibui limepauka mabegani, begi lake limefungwa kwa kanga. Nikamwamkia, akaitika, nikamtambua kwa lafudhi kabla hajamaliza sentensi: Mtambwe, kwetu Pemba.

"Umefika saa ngapi, bibi?"

"Tangu alfajiri, baba. Mjukuu wangu kaniambia ndege saa kumi na moja."

Alikuja saa 11 alfajiri. Wafanyakazi wa zamu ya asubuhi walimwonea huruma, wakamletea chai, mmoja akampeleka chumba cha kusalia. Alikuwa amekaa saa tisa kwenye kiti kile na hakuonesha kinyongo chochote. "Bora kungoja ndege kuliko ndege kukungoja," akasema, akafungua kitambaa na kunikatia mkate wa kumimina. Alikuwa anakwenda kumuona binti yake aliyejifungua. Ilikuwa ndege yake ya kwanza. Tukaingia foleni pamoja.

Kwenye kaunta nikaomba kiti cha dirishani, upande wa kushoto. Msichana akauliza kwa nini kushoto. Nikamwambia nataka kuona kwetu. Akainua macho, akaniangalia, akabonyeza bonyeza, akanipa.

Halua ndiyo iliyonikwamisha. Vikapu viwili vilikuwa kwenye begi kubwa, kimoja nilikishika mkononi kwa kuogopa kisipondwe. Kwenye mashine mkanda ukasimama, ukarudi nyuma, ukasimama tena. Afisa akaniita.

"Hiki nini?"

"Halua."

"Ni maji maji?"

Nikafikiri jinsi ya kujibu. Halua si maji, lakini ukiitikisa inatikisika. Akaibonyeza kwa kidole juu ya nailoni, ikabonyea na kurudi. "Inatetema," akasema, kama hakimu. Mkononi hairuhusiwi. Nilishajiandaa kumgawia, lakini akaniambia nirudi kaunta, muda upo. Yule msichana wa kiti cha kushoto akaichukua, akaibandika karatasi, ikapita kwenye mkanda peke yake: kikapu cha ukili ukubwa wa kichwa cha mtoto, kina namba ya safari kama sanduku la waziri. Ilifika salama. Funzo la mfukoni: halua, samli, asali na achari, zote kwenye begi kubwa.

Jumatano jioni: angani

Tulichelewa kidogo. Ndege iliruka saa 11:24 kwa saa yangu, ikielekea kusini kuupokea upepo, halafu ikageuka kushoto taratibu mpaka jua likahamia upande wangu. Unguja ikapita chini. Bibi wa Mtambwe alikuwa safu ya nyuma yangu, namsikia anasoma.

Mawingu yalikuwa machache. Kwanza nikaona maji ya buluu iliyokolea, ule mkondo wenyewe uliotutesa siku moja kabla, na kutoka juu haukuwa na wimbi hata moja. Ulikuwa kama kitambaa kilichopigwa pasi. Halafu kikatokea kisiwa cha Misali, kijani na duara jeupe la mchanga, halafu ghuba ya Chake iliyojipenyeza kati ya mikoko, barabara nyekundu, mabati yanayometa. Nikaigonga bega la kiti, nikageuka nyuma.

"Bibi, tazama. Pemba."

Akainama dirishani. Akakaa kimya muda.

"Yote hiyo?"

"Yote hiyo."

"Mbona ndogo hivi?"

Wete ilipita chini ya kidole changu gumba. Nilikiweka kwenye kioo, kikaifunika bandari, soko, skuli yangu, na nyumba yetu. Saa 11:41. Dakika 17. Ule mwendo ulionila saa 29 na nusu kuteremka kusini, nilirudishwa kaskazini kwa dakika 17, na sikuweza kumwambia rubani anishushe hapo, wala sikutaka, lakini mkono wangu ulikaa kwenye kioo mpaka kikapoa kabisa.

Baada ya hapo ni giza. Ramani ya kwenye kiti ilituonesha tukiikata Somalia, tukitoka karibu na Pembe ya Afrika, tukivuka Ghuba ya Aden na kuingia nchi kavu upande wa Dhofar. Wakatugaia wali na kuku. Bibi aliukataa uma, akala kwa mkono, na ndiye aliyemaliza mapema kuliko sote.

Tukatua. Simu ikajibadilisha: Maskati wako saa moja mbele yetu. Mlango wa ndege ulipofunguliwa nilidhani injini inatupulizia joto. Haikuwa injini. Ilikuwa usiku.

Binti wa bibi alimngojea nje na kichanga begani. Mimi nikafika Seeb saa 7 kasorobo ya kwao. Kwa saa ya Wete, nilikuwa njiani saa 66 kasoro dakika 15.

Alhamisi hadi Jumanne

Harusi ilikuwa nzuri na ndefu, na haimhusu msomaji.

Pesa: riali moja ni dola 2.60, na inagawanyika baisa 1,000, kwa hiyo usishtuke ukiambiwa chai ni mia mbili. Mchana wa Agosti usipange kutembea kwa miguu. Toka alfajiri, rudi saa 3, toka tena baada ya magharibi. Sokoni Matrah nilijikaza na Kiarabu changu cha chuoni kuulizia bei ya kofia. Mwenye duka akaniacha nikamaliza sentensi nzima na makosa yake yote, halafu akasema, "Sema Kiswahili tu, yakhe, utaumia." Kwao mama ni Mkoani. Akanipunguzia riali mbili, akaniletea kiti.

Jumatatu binamu akanipeleka Sur, mji wa mabaharia na mafundi wa majahazi, kilomita 200 na kitu. Saa mbili kwa barabara kuu. Kuna jahazi kongwe, Fatah al-Khair, limepumzishwa nchi kavu, na karibu na ufuko tulikaa na mzee mmoja ambaye baba yake alikuwa akija Unguja na kaskazi, akirudi na kusi. Kiswahili chake kilikuwa cha zamani, cha bandarini, maneno machache lakini yote mahali pake. Nikamuuliza siku ngapi.

"Upepo ukikupenda, ishirini. Usipokupenda, usihesabu." Halafu akaniuliza mimi. "Na wewe umekuja kwa siku ngapi?"

"Tatu."

"Jahazi?"

"Ndege."

"Ndege siku tatu?"

"Nimetokea Pemba."

Akatikisa kichwa kwa huruma ya mtu anayepajua. "Aaa. Pemba."

Jumatano, 14 Agosti: kurudi

Ndege ya asubuhi. Tuliondoka saa 3 na nusu ya Maskati tukatua Unguja saa 8 kasoro dakika kumi ya kwetu. Ukihesabu kwa vidole utapata saa nne na dakika 20, na kwenda ungepata zaidi ya sita. Ndege haikuongeza mbio. Ile saa moja niliyonyang'anywa nilipokwenda ndiyo niliyorudishiwa.

Safari hii kulikuwa na mwanga. Jangwa la Omani ni rangi ya biskuti kwa muda mrefu sana, halafu ghafla, karibu na pwani ya Dhofar, ukaja utandu mweupe wa mawingu umelala juu ya milima. Hicho ni kharifu ya Salalah: kusi yetu hii hii, ule upepo uliotuzuia Mkoani, unafika kule na unyevu wake, milima inakuwa kijani katikati ya jangwa, na minazi na migomba inaota. Nilipiga picha sita. Zote zimetoka bawa.

Alhamisi boti ya Pemba ilikwenda kama inasukumwa, upepo ukiwa nyuma, saa mbili na dakika 35. Mifuko myeusi haikuguswa. Mkoani nikapita kwenye kibanda na kofia ya mtoto wa dago na pakiti mbili za tende. Mwenyewe alikuwa amerudi, amekaa anashona nyavu, akanisalimu kama mtu anayenijua. "Wewe ndiye uliyelala kitandani kwangu."

Gharama kwa ufupi: ndege kwenda na kurudi dola 520, boti shilingi 70,000, gari na teksi zote upande wetu 60,000 hivi. Kulala, shilingi sifuri.

Nikafika Wete baada ya magharibi. Mama alikuwa uani. Akanitazama juu hadi chini kuona kama nimekonda, akasema, "Nilikuona."

"Lini?"

"Siku ile unakwenda. Nilikuwa naanua nguo, nikaisikia, nikatazama juu. Nikakupungia kanga."

"Ilikuwa saa ngapi, mama?"

"Alasiri nimeshasali, magharibi bado."

Nikaiandika hiyo daftarini, pembeni mwa saa 11:41.